Karavani Isiyokuwa na Kitabu

Jumatatu, 10 Machi

Kaka yangu Nderitu ameuza kipande chake cha shamba la Subukia, na karavani ya baba, ile nyumba ya magurudumu, imesimama katikati ya kipande hicho. Amenipigia simu asubuhi kunijulisha, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Mnunuzi anataka shamba likiwa tupu ifikapo tarehe 31 Mei. Kitakachobaki kitakatwakatwa na kuuzwa kwa watu wa vyuma kuukuu.

“Ni mabati tu, Wangeci,” akasema. “Panya wamelala humo tangu baba afariki.”

“Nilianza kusoma humo nikiwa na miaka sita. Panya walinikuta.”

“Basi njoo uwachukue wote.”

Alidhani anatania. Nina robo ekari hapa Bahati, na nyuma ya nyumba kuna nafasi ya kutosha. Nitaichukua.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda Subukia na Jamleck, fundi wa mbao wa hapa Bahati. Ana miaka arobaini na ananiita “mathe”, yaani mama, ingawa nimemzidi kwa kumi na sita tu. Nimemwambia aniite Mwalimu. Nilifundisha historia miaka kumi na mmoja kabla ya kufukuzwa kwa sababu ya mdomo, na jina hilo sikufukuzwa nalo.

Karavani ni ya mwaka 1961. Mzungu mwenye shamba alikuwa akiivuta hadi Naivasha kuvua samaki. Alipoondoka, baba, aliyekuwa karani wake, alibaki nayo. Kwenye mlango kuna kibati cha shaba chenye jina la kampuni ya Uingereza. Kwa rangi ni kama maziwa yaliyoungua. Ndani kuna viti viwili virefu vya mbao, meza ya kukunja, na dirisha linaloangalia bonde. Nilisoma kila kitu humo, kuanzia vitabu vya shule mpaka magazeti yaliyofungiwa nyama. Kama nina hasira yoyote yenye maana, ilizaliwa juu ya kile kiti cha kushoto.

Kwenye kiti cha kulia alikaa Harjit, mara nne, mwaka 1993. Sitaandika juu yake.

Jamleck alizunguka, akagonga, akalala chini ya tumbo la karavani kwa dakika kumi. Alipotoka alikuwa na sura ya daktari.

“Mwalimu, fremu ya chuma ya chini ni nzima. Lakini nguzo nne za pembeni zimeoza vichwani, maana paa linavuja. Hizo haziwezi kubadilishwa bila kuvua paa. Na sijui hii nyumba imefungwa wapi kwa ile fremu. Bolti hazionekani.”

“Si utazitafuta?”

“Nikikisia, ule mlima wa kutoka hapa kwenda Bahati utanisuta. Trekta itafika na fremu, nyumba ibaki kwa kona. Lazima kuna kitabu cha kampuni. Tafuta kitabu.”

Hilo naliweza. Mtu akiniambia kuna kitabu mahali, mimi huwa tayari nimevaa viatu.

Jumamosi, 15 Machi

Maktaba: hakuna. Wauza vitabu vya mitumba wa mjini: hakuna. Mmoja alinionyesha kitabu cha kutengeneza cherehani, akaniambia kanuni ni zile zile.

Makala yangu ya kila Jumamosi gazetini leo ilikuwa juu ya jambo hili. Nchi hii inajua kununua, kutumia na kutupa. Haijui kuandika namna kitu kilivyoundwa. Kila fundi anazikwa na chuo kikuu kichwani, na sisi tunaimba kaburini kisha tunaagiza kipya kutoka nje. Mhariri ameondoa aya mbili, zile kali, kama kawaida yake.

Baada ya hapo nimeandikia chama cha wenye karavani kongwe huko Uingereza.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna mvua. Hakuna jibu.

Jumamosi, 29 Machi

Kimefika! Mzee mmoja wa Yorkshire amenitumia kurasa themanini na nne za mwongozo wa karavani ya kampuni ile ile, mwaka ule ule. Nimezichapisha mjini na kuzifunga kwa uzi. Kuna mchoro wa kila skrubu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Nimemwonyesha Jamleck ukurasa wa paa: ondoa ukanda wa mbele, legeza pembeni, kisha vuta paa lote kuelekea nyuma kama bati moja.

“Hawa watu wanajua kazi,” akasema.

Nikakubali. Naandika hapa kwamba nilikubali, tena kwa kichwa na mikono.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua imeanza Bahati. Nderitu anasema Subukia pia. Amebaki kuniuliza kama nina kichaa au ni uzee.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudi nikiwa nimelowa mpaka kwenye mifupa, na nataka kuandika kabla sijaanza kujitetea.

Tulianza saa tatu, mbingu ikiwa safi. Jamleck alikuwa juu ya ngazi, mimi chini na kitabu changu, nikimsomea kama padri. Ukanda wa mbele ukatoka. Skrubu za pembeni zikatoka, zote za shaba, zote nzima, na mifereji ya vichwa vyake ikielekea upande mmoja. Jamleck alisimama kuangalia hilo.

“Mwalimu, aliyefunga hizi hakuwa na haraka.”

“Vuta,” nikamwambia. “Imeandikwa vuta.”

Akavuta kutoka nyuma, akisaidiwa na vijana wawili wa jirani. Paa likakataa. Nikasoma tena. Nikasema kitabu kinasema ni bati moja, wavute kwa nguvu. Wakavuta. Kukatoka mlio ambao nitaukumbuka, na paa likachanika katikati kama mfuko wa unga.

Halikuwa bati moja. Yalikuwa mabati matatu, yamelaliana kama magamba, na lile la kati lilifungwa kutokea chini, ndani ya dari, mahali ambapo kitabu changu hakina hata nukta. Jamleck aliteremka, akakaa kwenye tairi, akaanza kuhesabu skrubu. Yeye ni mtu mpole. Upole wake ulinichoma kuliko matusi.

Saa nane mawingu yakashuka kutoka upande wa Nyahururu. Tulikuwa na turubai moja na kamba fupi. Mvua ya Subukia haidondoki, inamwagwa. Nilisimama ndani nikishikilia turubai kwa fimbo ya ufagio, maji yakiteremka mkononi hadi kwapani, na kwa muda wa nusu saa niliona chumba changu cha utotoni kikijaa kama karai. Kiti cha kushoto kikavimba. Kisha dari ya plaiwudi ikaanguka yote kwa mkupuo, ikanikosa kidogo.

Nilipoinua macho niliona mbao za juu zikiwa uchi. Kwenye kila ubao kulikuwa na maandishi ya penseli. Mstari mmoja juu, na herufi zikining’inia chini yake kama nguo kwenye kamba.

“Hayo ni ya wapi?” Jamleck akauliza akiwa mlangoni, maji yakimtoka kwenye kofia. “Ni kama ya Kalasinga.”

Ni ya Kipunjabi. Najua kuandika maneno mawili tu kwa herufi hizo. Moja ni jina langu. Lingine ni la yule aliyenifundisha, juu ya meza ya kukunja, futi tatu kutoka pale niliposimama leo.

Kwa hiyo karavani hii haikutoka Uingereza. Fremu na kibati ndivyo vilitoka huko. Nyumba yenyewe ilijengwa Nakuru, na mjini hapa, mwaka 1961, palikuwa na karakana moja tu ya Masingasinga iliyokuwa ikijenga miili ya mabasi na magari ya kuvutwa. Nilijua hivyo. Mji mzima unajua hivyo. Mimi, ambaye kwa miaka thelathini nimewatukana watu wanaongoja Ulaya iwafikirie, nimengoja barua ya Yorkshire huku karakana ikiwa umbali wa dakika arobaini.

Na sasa nakumbuka. Mara ya kwanza Harjit alipoingia humo, alipitisha kiganja chake kwenye dari, kutoka mlangoni hadi dirishani, polepole, bila kusema neno. Nilidhani anaona haya.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikwenda mjini.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikwenda. Nimeandika makala juu ya mbolea.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nderitu amepiga: turubai imepeperuka, ameirudisha yeye mwenyewe na kuifunga kwa waya. Hakusema zaidi. Nami sikumtukana. Zimebaki wiki saba.

Ni lazima niandike kwa nini siendi. Mwaka 1993 Harjit Singh na mimi tulitaka kuoana. Yeye alikuwa na miaka ishirini na saba, mimi ishirini na minne. Alimwambia baba yake, mwenye ile karakana. Akarudi akaniambia, “Baba amesema tungoje.” Niliijua nchi hii. Mkulima akienda ofisini huambiwa angoje, na hungoja mpaka anakufa. Nikaona hilo ni jibu la tajiri asiyetaka kuchafua mdomo kwa kusema hapana. Sikumwuliza tungoje nini, wala hadi lini. Nilienda nyumbani nikaandika. Makala yangu ya kwanza iliyosomwa na nchi nzima ilikuwa hiyo: juu ya familia za mafundi na wafanyabiashara wa Nakuru wanaokula nasi mchana na kutufungia milango jioni. Nilimtaja mzee kwa jina, na karakana kwa mtaa. Wiki chache baadaye Harjit aliondoka kwenda Uingereza. Mimi nikawa mwandishi. Baadaye niliolewa na Kang’ethe kwa miaka mitatu, na tukaachana bila hata kugombana, jambo linaloonyesha tulikuwa hatupo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda.

Karakana ipo palepale nyuma ya reli, lakini siku hizi haijengi kitu. Inauza springi, mabomba ya moshi na filta za oili. Kwenye kaunta alikuwa Parminder, dada mkubwa wa Harjit. Nywele zake ni nyeupe zote. Miwani yake imeshikiliwa kwa uzi.

“Springi ya gari gani?” akauliza bila kuinua macho.

“Sitafuti springi. Mimi ni Wangeci wa Mathenge. Wa Subukia.”

Akaendelea kuandika risiti mpaka mwisho, akaichana, akampa mteja.

“Nakujua. Nakusoma kila Jumamosi. Unapenda sana alama ya mshangao.”

Nikaweka simu kwenye kaunta, na picha ya zile mbao. Aliivuta karibu na pua. Midomo yake ilisogea, kisha ikatulia.

“Huu ni mkono wa Baba.”

“Anasema nini?”

“Anasema bati la kati lisivutwe.”

“Tumeshalivuta.”

“Bila shaka mmeshalivuta,” akasema, na kwa sekunde moja nilidhani atacheka. “Mnasoma kila kitu isipokuwa kilichoandikwa.”

Nikamwuliza kama mzee aliacha kitabu chochote cha kazi zake. Akasema kila gari lilikuwa na daftari lake, na yote yako kwenye kabati la chuma nyuma yake. Nilinyoosha shingo. Akahama akasimama mbele ya kabati.

“Kwanza tumalize ile habari yako ya gazeti. Baba aliisoma mara mbili. Alijua Kiswahili kuliko sisi watoto. Akaniuliza, ‘Huyu si yule msichana anayekunywa chai bila sukari?’ Nikasema ndiye. Akalikunja gazeti akarudi kazini. Hasira yake yote ilikuwa hiyo. Yangu bado ninayo.”

“Baba yako alitukataa.”

“Nani alisema alikataa?”

“Harjit aliniambia alisema tungoje.”

“Sasa ngoja imekuwa hapana? Kwetu mdogo hatangulii dada yake. Mimi nilikuwa na posa ya watu wa Kisumu. Baba alitaka mwaka mmoja, niolewe mimi, halafu aende mwenyewe kwa baba yako huko Subukia. Alikuwa ameshaanza kuuliza watu mbuzi hutolewa wangapi. Mwaka mmoja tu, mwandishi! Wiki sita baadaye gazeti likafika Kisumu. Wale watu hawakutaka jina linalotukanwa barabarani. Posa ikafa. Harjit naye hakuweza kuniangalia usoni, wala kukuangalia wewe. Akaenda.”

Nimejibizana na mawakili, maaskofu na wabunge, na sijawahi kukosa pa kuanzia. Nikamwambia, “Nitaandika. Jumamosi hii, ukurasa mzima, kwa jina lako na la mzee.”

“Usiandike chochote! Ukikosea unaandika, ukitubu unaandika. Sema kwa mdomo. Hapa.”

Nyuma yangu palikuwa na mwanamume mwenye gambuti, ametoka Longonot kutafuta filta ya trekta. Nilisema mbele yake. Nilisema kwamba nilimkosea yeye na baba yake, kwamba sikuuliza, na kwamba niliona raha kuandika ile makala. Sehemu ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu kutoka.



“Msamehe, madam,” yule mwanamume akasema. “Mimi trekta imelala shambani.”

“Wewe subiri,” Parminder akamwambia. Akafungua kabati. Alichukua muda kutafuta. Daftari ni jembamba, jalada la bluu, limeandikwa 1961 na jina la yule Mzungu.

“Mimi nilisomeshwa na masista. Hizi herufi nasoma za sala. Zile za mbao ni kubwa, lakini hizi za daftari zimefifia. Anayejua mkono wa Baba ni Harjit. Nitampigia picha. Na mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Nakuambia ili usiniulize.”

Sikuuliza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nilikuwa nikimwona mzee yule kama lango lililofungwa. Kumbe alikuwa akiuliza habari za mbuzi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Parminder amenipelekea ujumbe wa sauti wa Harjit kutoka Uingereza, bila kuongeza neno lake mwenyewe. Nilikuwa jikoni. Nilizima jiko kwanza.

“Sasa, Parmi. Mwambie ukurasa wa kwanza unasema hivi. Alumini ilikuja kwa reli kwa vipande vya futi nane, kwa hiyo paa ni mabati matatu. La mbele linalala juu ya la kati, la kati juu ya la nyuma, ili vumbi la barabarani lisiingie gari likivutwa. Kuvua, anza mbele. La kati lina skrubu kumi na nane kutoka ndani. Basi.”

Sauti imekuwa nzito. Lakini ni Kiswahili kile kile cha Nakuru ya zamani, na anasema “basi” kwa kuikata mwishoni kama mtu anayefunga droo. Nimeisikiliza mara saba. Nimeyaandika maelezo kwa Kiswahili safi kwenye daftari jipya, na nikaongeza michoro. Jamleck lazima awe na kitu cha kushika.

Ijumaa, 25 Aprili

Ukurasa wa pili hadi wa nne: nguzo za pembeni. Ni mwerezi, na zinaingia kutokea juu kwenye vikombe vya chuma. Jamleck amepata mwerezi mkavu kutoka zizi lililobomolewa huko Bahati. “Huyu mzee angenifundisha,” akasema, “ningekuwa mtu.”

Jumanne, 29 Aprili

Parminder amepiga simu.

“Nimechoka kuwa posta. Chukua namba yake.”

Ijumaa, 2 Mei

Ninayo namba.

Jumapili, 4 Mei

Ninayo bado. Ukurasa wa tano ni wa bolti na siwezi kuendelea bila huo. Saa nne asubuhi nilirekodi ujumbe nikiwa nimesimama uani. “Harjit, ni Wangeci. Naomba ukurasa wa tano.” Nimeandika vitabu vitatu na sikupata sentensi bora.

Alijibu baada ya saa mbili. Mwanzoni nilisikia saa ya ukutani kwake tu.

“Wangeci. Ukurasa wa tano. Bolti ni kumi na mbili, sita kila upande, chini ya viti. Mzee alizifunika kwa vizibo vya mbao ili mtu asijikwae. Vitoe kwa patasi, usivunje, vitarudi. Mbili za nyuma ni fupi.” Saa ile tena. “Ziko chini ya kile kiti nilichokuwa nakaa.”

Jumatano, 7 Mei

Vizibo vipo. Vyote kumi na viwili. Kimoja kilikuwa chini ya goti langu muda wote wa utoto. Bolti nne zimeliwa na kutu kabisa. Kama tungeivuta vile ilivyokuwa, Jamleck angekuwa nabii.

Jumamosi, 10 Mei

Tulizungumza, yaani tulitumiana sauti, juu ya gundi ya kuziba viungo vya mabati. Mzee alichanganya lami na mafuta ya kitani, akapaka kwenye kitambaa cha turubai. Nilimjibu nikiwa Subukia, chini ya paa jipya la Jamleck, na mvua ikaanza katikati ya maneno yangu. Akajibu mara moja:

“Hiyo ni mvua ya Subukia? Usiseme kitu. Niwekee niisikie.”

Nikaweka simu dirishani, nikamrekodia dakika tatu za mvua. Hakujibu mpaka jioni, na alipojibu alisema tu kwamba gundi ikae siku mbili.

Hatujasema lolote juu ya 1993. Ninayo maneno. Ninayo mengi mno, hiyo ndiyo taabu. Kila nikifungua mdomo naona aya, naona hoja ya kwanza na ya pili, naona namna nitakavyoshinda. Parminder alinisoma vizuri. Kwa hiyo nauliza habari za skrubu. Naye anajibu habari za skrubu, kwa utaratibu, na mwishoni anakaa sekunde chache bila kuzima.

Ijumaa, 16 Mei

Hakuna ujumbe. Nimegombana na mhariri, na mtu wa stima, na kuku wa jirani.

Jumapili, 18 Mei

Alikuwa na mafua. Ndiyo hayo tu. Nimeomba radhi kwa mtu wa stima.

Jumamosi, 24 Mei

Trekta ilifika saa moja asubuhi. Nderitu alikuwepo, amevaa kofia ya baba, akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Barabara ilikuwa na unyevu lakini anga lilikuwa wazi. Jamleck alikagua bolti kumi na mbili, akatikisa nguzo nne, kisha akanyoosha kidole mbinguni kama mtu anayemwambia mtu huko juu aangalie.

Nilitembea nyuma ya karavani sehemu yote ya mlima, maana sikuweza kukaa kwenye trekta na kuipa mgongo. Kwenye kona kali iliinama upande wa bonde. Nikasikia mbao zikilia, nikasimama. Nderitu alikuja akanishika mkono. Hajanishika mkono tangu mazishi. Karavani ikalia mara moja zaidi, ikajinyoosha, ikapanda.

“Baba angefurahi,” akasema. Halafu, kwa kuwa ni Nderitu: “Na panya wamebaki wangu?”

Saa saba ilikuwa nyuma ya nyumba yangu Bahati. Watu wa barabarani walikuja kuiangalia. Parminder alikuja pia, kwa teksi, na mfuko wa chapati. Alipanda ndani peke yake, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa na rangi ya mwerezi kwenye viganja.

“Sukari hutumii bado?” akaniuliza.

“Bado.”

“Basi weka maji jikoni.”

Tulikaa kwenye ngazi za karavani tukanywa. Alilaumu chapati zake mwenyewe, na mimi nikazitetea kwa nguvu. Hatujawa marafiki. Lakini aliniambia makala ya mbolea ilikuwa mbaya, na alikuwa sahihi.

Jumatano, 28 Mei

Daftari langu la Kiswahili lina kurasa thelathini na moja. Jamleck ameomba nakala, na nyingine ya fundi mwenzake wa Subukia. Amesema niandike jina la mzee kwenye jalada, na langu chini, dogo. Nimefanya hivyo.

Jumamosi, 31 Mei

Mnunuzi ameingia shambani. Sikwenda kuona.

Ijumaa, 6 Juni

Ukurasa wa kumi na nne: mlango. Bado mmoja.

Jumapili, 8 Juni

Ujumbe wa Harjit ulifika baada ya ibada za watu, mimi nikiwa ndani ya karavani na mvua juu.

“Wangeci. Huu ni wa mwisho. Hapa mzee ameandika jina la mwenye kazi, tarehe, na neno moja: tayari. Chini kuna hesabu za rangi, hazikuhusu. Hakuna kurasa nyingine. Kwa hiyo nadhani umemaliza. Imekuwa vizuri kuusoma mkono wake. Kama kuna kitu kinakusumbua, useme. Basi.”

Na baada ya “basi” alikaa sekunde tisa. Nimezihesabu. Kulikuwa na ile saa ya ukutani, na mlango wa mbali ukifungwa, kisha hakuna.

Niliangalia huku na huku. Jamleck amefanya kazi ya kutia aibu kiwanda. Viungo vya paa vimeshika. Dari mpya haina doa. Nimepitisha kiganja kwenye dirisha la nyuma, juu, chini, kwenye kona zote nne, na mkono umetoka mkavu. Mvua ya Bahati imepiga kwa saa mbili na hakuna tone lililopata njia. Hakuna kitu chochote duniani kinachohitaji kutengenezwa humu.

Nina miaka hamsini na sita. Watu huninunua gazetini kwa sababu moja tu, kwamba nikisema jambo lipo, lipo. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi.

“Harjit,” nikasema, “dirisha la nyuma linavuja.”

Alijibu kabla sijaweka simu chini.

“La nyuma? Ajabu. Linavuja upande gani?”

Nikamwambia pande zote.